Ave Africa kwa Mizani ya Siyu: Uhakiki wa Albamu ya Kwanza ya Sunburst

Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni kitu cha kuimbwa, na kwamba lisiloimbika limekosa sifa yake ya msingi. Kauli hiyo imetumiwa mara nyingi na wanajadi dhidi ya washairi wa mtindo huru, hasa baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Jambo la ajabu ni kwamba haikutumiwa upande wa pili. Ikiwa kuimbika ndiko kunakoupa utungo hadhi, basi nyimbo za bendi za umeme, ambazo hazikupata kuishi popote ila kinywani mwa mwimbaji, zilistahili kusikilizwa na wahakiki tangu zamani. Hazikusikilizwa. Tenzi zilihaririwa na taarabu ikaandikiwa tasnifu, lakini muziki wa vijana wa miaka ya 1970 uliotokana na souli na fanki ya Wamarekani weusi uliachwa mlangoni.

Makala haya yanachukua santuri moja ya aina hiyo na kuipima kwa kipimo kile kile kinachotumiwa kuikatalia. Santuri yenyewe ni Ave Africa, albamu ya kwanza, na ndiyo ya pekee, ya bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, iliyorekodiwa na kutolewa Zambia mwaka 1976 kwa lebo ya Kitoto. Kipimo kinatoka Siyu, katika kisiwa cha Pate. Yafaa kueleza kwa nini Siyu, maana hakuna anayedai kwamba bendi hiyo ilipata kufika huko, wala kwamba mji ule wa magofu, mikoko na ngome ulikuwa na haja nayo. Sababu ni kwamba mhakiki anaposema wimbo wa bendi "hauna mizani", rula aliyoishika mkononi ilichongwa katika miji kama Siyu. Ni haki basi kuipeleka kazi inayohukumiwa mahali ilikotoka rula, ili ionekane kama watu wa huko wangeitumia rula yao jinsi inavyotumiwa na wageni.

Siyu ilikuwa mji wa maandishi. Misahafu iliyonakiliwa na kupambwa huko katika karne ya 18 na ya 19, kwa wino mweusi na mwekundu, ni miongoni mwa kazi bora za mkono katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Mafundi wake wa ngozi na wa mbao walijulikana kama walivyojulikana wanazuoni wake. Ulikuwa pia mji mkaidi. Majeshi ya Sayyid Said yalishindwa kuutiisha katika miaka ya 1840, na haukuwekwa chini ya Unguja mpaka mwaka 1863, wakati wa Sayyid Majid. Mtawala wake mashuhuri, Bwana Mataka, aliyefariki mwaka 1856, ndiye mume wa Mwana Kupona binti Msham, ambaye utenzi wake wa mawaidha kwa binti yake, uliotungwa mwaka 1858, unasomeshwa leo katika kila idara ya Kiswahili. Utenzi huo utarejewa baadaye kwa sababu isiyo ya fani.

Sunburst walitoka katika mji wa namna nyingine kabisa. Dar es Salaam ya mwaka 1970 ilikuwa mji wa bendi za jazi, nyingi zikiwa chini ya ulezi wa mashirika, kama NUTA Jazz ilivyokuwa ya chama cha wafanyakazi. Muziki wa souli ulikuwa na mashaka yake. Mwishoni mwa mwaka 1969 wakuu wa mji walikuwa wameupiga marufuku katika kumbi za dansi, kwa hoja kwamba ni uchafu wa kigeni unaopotosha vijana. Mabishano yaliyofuata magazetini yalikuwa na maana zaidi ya marufuku yenyewe, kwani vijana waliuliza, na swali lao halikujibiwa vizuri, itakuwaje muziki wa watu weusi walioporwa kutoka Afrika uitwe wa kigeni katika Afrika. Bendi iliyoanza kupiga katika hali hiyo, ikiwa na gitaa za umeme, besi, kinanda na ngoma, ikiimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ilikuwa imejibebesha hoja hata kabla ya kufungua kinywa. Hatimaye Sunburst walikwenda Zambia, ambako bendi kama Witch na Amanaz zilikwisha kuzoesha masikio ya watu gitaa la mngurumo, na huko ndiko walikopata kurekodi albamu. Baada ya albamu hiyo bendi ilivunjika. Rekodi zake za mwaka 1973 hadi 1976 hazikupatikana kwa urahisi mpaka mwaka 2016, zilipokusanywa na kutolewa upya na lebo ya Strut ya London.

Sasa lije suala la fani, ambalo ndilo lililo na utajiri.

Fanki, kama ilivyobuniwa na James Brown na wapigaji wake katikati ya miaka ya 1960, ni sanaa ya kurudi mahali pamoja. Mkazo mkuu uko katika pigo la kwanza la kila kipimo. Sauti za muziki hazisafiri mbali, kwani gitaa hurudia neno lake dogo, besi lake, ngoma lake, kila kimoja kikiacha nafasi ili kingine kiingie, na wote hukutana pale pa kwanza. Mwimbaji katika mtindo huu hasimulii. Hurusha maneno mafupi, mengi yakiwa ya silabi moja, kama mtu anayepigilia misumari.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoleta tatizo ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Kiswahili hakina misumari hiyo. Maneno yake ya silabi moja ni machache na mengi ni ya kisarufi tu: na, ni, si, tu. Neno lenye maana huwa na silabi mbili, tatu, nne au zaidi, mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mwisho wake ni irabu iliyo wazi. Kwa hiyo mwimbaji wa fanki ya Kiswahili hawezi kuanza neno juu ya pigo la kwanza na kutegemea kwamba mkazo utaangukia hapo. Ama aanze mapema, kabla ya pigo, ili silabi yenye mkazo ifike kwa wakati, ama alichelewesha neno zima mpaka lianguke baada ya pigo. Njia ya kwanza huufanya wimbo uonekane unakimbilia mbele, na ya pili huufanya ulegee. Bendi nyingi za Afrika Mashariki zilizopenda souli zilikwepa tatizo hili kwa kuimba Kiingereza. Matata, bendi ya Wakenya iliyokwenda London na kutoa Independence mwaka 1974, ilitegemea zaidi Kiingereza, na kwa masikio ya wapenda dansi haikupoteza kitu. Kilichopotea ni nafasi ya lugha kujaribiwa.

Sunburst walijaribu. Tuchukue jina la wimbo mmoja wa albamu, Enzi za Utumwani. Ukilihesabu jina hilo kwa njia ya malenga, e-nzi-za-u-tu-mwa-ni, unapata mizani saba. Kipande cha utenzi ni cha mizani minane. Mhakiki mwenye rula ataandika pembeni kwamba pamepungua moja, na atakuwa amesema kweli. Lakini neno la mwisho lina jambo la kutazamwa. "Utumwa" lina mkazo katika silabi ya -tu-. Kiambishi -ni kinapoongezwa, mkazo unahamia -mwa-, silabi nzito yenye midomo kufunga na kufunguka, na baada yake inabaki moja tu kabla ya kimya. Neno limepata uzito wake karibu na mwisho, pale ambapo kikundi kizima kinaweza kukutana nalo. Katika muziki unaoishi kwa kukutana, mizani ya nane haikupotea. Imeachiwa ngoma. Mtu aliyewahi kumsikiliza mghani wa utenzi akivuta irabu ya mwisho wa kipande mpaka pumzi ikaribie kumwishia hatashangaa kuambiwa kwamba hesabu ya karatasini na hesabu ya kooni ni hesabu mbili.

Kwa hakika ukaribu wa fanki na utenzi ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa, nao hauko katika mizani bali katika kina cha mwisho. Kila ubeti wa utenzi una vipande vinne. Vitatu vya kwanza vina kina chao, ambacho hubadilika ubeti hata ubeti, na cha nne kina kina cha bahari, ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Katika utenzi wa Mwana Kupona msikilizaji hurudishwa kwenye silabi ile ile mara zipatazo mia moja, na katika tenzi za vita mara elfu na zaidi. Yeye hachoki, kwa sababu hakungoji kubadilika kwake. Anangoja kufika kwake. Anajua kwamba vipande vitatu vitatanga vitakavyo na cha nne kitarudi nyumbani. Msikilizaji aliyelelewa Siyu, ambaye sikio lake limefundishwa kungoja bahari, amekwisha kupata malezi ambayo mpenda dansi wa Dar es Salaam aliyapata kwa sahani za Marekani. Zaidi ya hayo, kwenye harusi za visiwa vya Lamu wanawake wamekuwa wakipiga vugo, pembe zinazogongwa kwa vijiti, kiongozi akitoa na wengine wakipokea; huko kurudia hakuhitaji kutetewa na mtu yeyote. Anayesema nyimbo za bendi ni za kurudiarudia hajakaa vugoni.

Jina la pili linalostahili kuangaliwa ni Simba Anguruma. Mwalimu wa shule ataona kosa na kuandika "ananguruma". Si kosa. Ni ile hali ya -a-, wakati usio na mipaka, ambao Kiswahili cha mazungumzo kimeuacha polepole na ambao methali na tungo za kale zimeuhifadhi. "Simba ananguruma" ni taarifa kwamba kuna simba mahali fulani na hivi sasa ametoa sauti. "Simba anguruma" ni sifa. Ndivyo alivyo simba, alivyokuwa jana na atakavyokuwa. Kuchagua umbo hilo ni kuchagua lugha ya sifo na majigambo, lugha ya tungo za Liyongo na za gungu, iwe mtunzi aliijua historia yake au aliipokea tu kwa sikio. Hapa msikilizaji wa kaskazini angejiona yuko kwao. Kwingineko asingejiona hivyo. Kiswahili cha Sunburst ni Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa mwaka 1928, na kwa mtu wa Siyu, ambaye macho yake ni mato, njia yake ni ndia na maji yake ni mai, sauti hiyo ni ya redio na ya serikali kabla ya kuwa ya wimbo. Hili si la kuwalaumu vijana wa Dar es Salaam, ambao walikuwa wakitumia lugha ya mji wao. Hata hivyo, lugha ya dansi inayotaka kusema kwa niaba ya Afrika nzima huku ikisema kwa lafudhi moja tu inadai zaidi ya ilivyonacho.

Hilo laleta jina la albamu. Ave Africa. "Ave" ni salamu ya Kilatini, na katika Afrika Mashariki imesikika hasa katika ibada za Kikatoliki. Utenzi wa Siyu huanza kwa Bismillahi na kumsifu Mungu na Mtume, kisha mtungaji huomba wino na karatasi, ndipo aingie katika habari. Ganda la santuri hii linaanza kwa kulisifu bara. Palipokuwa na dibaji pamewekwa salamu kwa Afrika, na salamu yenyewe imeazimwa. Ni kasoro, na haifai kufichwa kwa sababu nia ilikuwa njema. Bendi iliyoweza kupata "anguruma" haikukosa neno la Kiswahili la kuiamkia Afrika. Pengine ndugu wa lebo yao walikuwa na sikio zuri zaidi, kwani jina Kitoto, lenye ki- ya udogo na pia ki- ya namna, likimaanisha mtoto mdogo na vilevile mwenendo wa kitoto, ni jina lenye mzaha ndani yake ambao Ave Africa haina.

Kufikia hapa mjadala umekuwa wa fani, na mtu angeweza kukata shauri kwamba santuri imefaulu mtihani kwa alama za kuridhisha. Lakini Siyu ina mtihani mwingine. Ile -ni ya utumwani si mkazo wa sauti tu. "Enzi za utumwa" ni kipindi cha historia. Enzi za utumwani ni wakati tulipokuwa mahali, ndani ya utumwa kama watu walivyokuwa ndani ya nyumba au gerezani. Kiambishi hicho kimoja kinamweka msemaji ndani. Kinasema: sisi tulikuwako. Katika Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 "sisi" hiyo haikuwa na utata. Utumwa, ukoloni na unyonyaji vilifundishwa kama mnyororo mmoja, na Mwafrika alikuwa ni yule aliyefungwa nao. Souli ya Marekani nayo, iliyozaliwa na wajukuu wa waliouzwa, ilithibitisha hivyo kutoka ng'ambo. Kwa hiyo maudhui na muziki vilikutana, na kukutana huko ndiko kunakoufanya wimbo huu uwe moyo wa albamu.

Ukipelekwa Siyu, "sisi" hiyo inapasuka. Utajiri wa visiwa vya Lamu katika karne ya 19, ule uliowapa wanakili nafasi ya kukaa na kupamba misahafu, ulitegemea kwa sehemu kubwa mashamba ya barani yaliyolimwa na watumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Mwana Kupona anamshauri binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Anasema hivyo bila ukali, katikati ya mawaidha ya upole kuhusu ibada na heshima, kama mtu anayetaja jambo ambalo halina wa kulipinga. Wahariri wamelieleza kwa tanbihi fupi, na walimu huliruka. Basi katika mji ule ule walikuwamo waliotoka utumwani na waliotoka upande wa pili wa mlango, na vizazi vyao vimeoana, vimegombana na vimejifunza kunyamaza. Wimbo unaoimba kwa "sisi" moja hauwezi kuimbwa huko bila mtu kutazama chini.

Je, huu ni udhaifu wa wimbo au wa mji? Wahakiki wa mrengo wa maendeleo wangejibu upesi kwamba ni wa mji, na wanajadi wangesema kwamba mhakiki hana kazi ya kuchimbua makaburi. Majibu yote mawili ni ya haraka mno. Wimbo wa Sunburst una upungufu wa kweli, kwa kuwa unachukulia kwamba Waswahili wote walisimama upande mmoja wa historia, na lugha yenyewe wanayoitumia inapinga, maana ni lugha ya waliouza pia. Wakati huohuo wimbo huo unafanya jambo ambalo utenzi mashuhuri wa Siyu haukufanya wala haukudhamiria kufanya: unalichukua neno utumwa kutoka kwa mwenye nyumba na kuliweka kinywani mwa aliyekuwa ndani. Kisarufi ni silabi moja imeongezwa. Kisanaa ni kubadilisha msimulizi. Idara zinazosomesha utenzi wa Mwana Kupona peke yake, pamoja na uzuri wake usio na shaka, zinasomesha nusu ya mazungumzo, na nusu ya pili, kwa bahati mbaya kwa wapenda karatasi, imo ndani ya santuri ya dansi.

Ni lazima kuongeza kwamba pwani ya kaskazini yenyewe haikukaa kimya mbele ya muziki huu. Mombasa, Hafusa Abasi na Slim Ali walirekodi Sina Raha pamoja na bendi ya Yahoos, sauti ya taarabu ikipanda juu ya gitaa za souli. Nayo pia iliwafikia wasikilizaji wapya kwa mkusanyiko uliotolewa London, mwaka 2013. Sina Raha ni kazi iliyokomaa zaidi kuliko nyingi za Ave Africa kwa upande wa kuoanisha sauti ya Kiswahili na mapigo, kwa sababu mwimbaji wa taarabu huleta ufundi wa kuvuta irabu ambao waimbaji wa Dar es Salaam ilibidi waubuni upya. Lakini ni wimbo wa moyo wa mtu mmoja. Hauulizi swali lililoulizwa na Sunburst, na hivyo haukosei lilikokosewa.

Limebaki jambo la nakala. Mwaka 1970 J. W. T. Allen alichapisha orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokuwa katika maktaba ya chuo kikuu, Dar es Salaam, na katika jina la orodha hiyo aliweka, pamoja na miswada, kanda za sauti. Alijua kwamba utenzi bila koo ni nusu ya utenzi. Hiyo ilikuwa mwaka ule ule vijana wa Sunburst walipokuwa wakianza kupiga katika mji huohuo. Msingi wa kuhifadhi sauti ulikwisha kuwekwa. Kilichokosekana ni mtu wa kukubali kwamba kanda ya mghani na santuri ya dansi zinaweza kulala katika rafu moja. Kwa kukosa mtu huyo, kazi ya kunakili ilifanywa London miaka 40 baadaye, na wafanya biashara waliofanya uangalifu kuliko wanazuoni. Mnakili wa Siyu alipomaliza kazi aliandika mwishoni jina lake na tarehe, ili atakayesoma ajue ni mkono wa nani ulioileta. Nakala ya mwaka 2016 ina jina la lebo na la mji ilikotolewa. Mji huo si Dar es Salaam, wala Lusaka.